Fimbo ya GRIN ya milimita 1.8: bapa kwa nje, lenzi kwa ndani

Fimbo ya GRIN (gradient-index) ni lenzi ambayo nguvu ya kioo chake ya kupinda mwanga hubadilika kidogo kidogo kutoka katikati hadi ukingoni. Ukiitoa kwenye kikasha chake utadhani ni kipande cha kipimajoto kilichovunjika: fimbo ya kioo yenye urefu usiofika milimita 5, unene wa milimita 1.8, na ncha mbili bapa. Haina mbinuko wala mbonyeo. Ishike kwa kibanio, ielekeze dirishani, kisha utazame ncha ya nyuma kwa lupe, kioo cha kukuzia, ya mara 10. Dirisha lote limo pale, nondo na pazia, kichwa chini miguu juu, limekaa kwenye uso wenyewe wa kioo. Ukiona hivyo umeshika robo pichi, yaani fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi moja kamili la mwali ndani ya kioo. Taswira ikielea nje ya ncha, fimbo ni fupi kuliko robo. Ikiwa imezama ndani ya kioo, ni ndefu mno, au mwanga unaotumia si ule iliyokatiwa.

Inayopimwa hapa ni fimbo ya aina ya SELFOC, daraja la SLW, ambayo ndiyo wengi hukutana nayo kwanza kwenye katalogi za vifaa vya leza na faiba. Jina lilitolewa mwaka 1968 na kampuni mbili za Japani, Nippon Sheet Glass na Nippon Electric, na hadi leo watu huliita hivyo hata kwa fimbo za watengenezaji wengine.

Siri yake ni ile ya mazigazi. Saa saba mchana barabara ya lami huonekana ina maji kwa mbele, kumbe ni hewa ya moto iliyolala juu ya lami, inaupinda mwanga kidogo kidogo bila kuwa na uso wowote wa kuupindia. Ndani ya fimbo ya GRIN kazi hiyo hufanywa na kioo chenyewe. Kwa mwanga mwekundu wa nanomita 630, fahirisi ya kupinda mwanga katikati ya fimbo ni 1.607, nayo hushuka kwa mraba wa umbali kutoka kwenye mhimili hadi karibu 1.53 ukingoni. Mwali ukiingia hausafiri moja kwa moja. Unayumba kama wimbi, unaukata mhimili, unatoka upande wa pili, unarudi. Wimbi moja kamili ndilo linaloitwa pichi, na kwa fimbo hii ni milimita 18.5. Robo yake, milimita 4.63, hugeuza nukta iliyo kwenye uso mmoja kuwa miale sambamba kwenye uso wa pili. Nusu pichi huhamisha picha nzima kutoka uso hadi uso ikiwa imepinduka, na pichi kamili huirudisha wima.

Kwa hiyo mnunuzi halipii umbo. Analipia mteremko wa fahirisi ambao jicho haliuoni, na hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Fimbo mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutoa picha tofauti kabisa, kwa sababu ya kilichotokea ndani ya sufuria ya chumvi kabla hazijakatwa.

Sufuria hiyo inastahili kuelezwa, maana kasoro karibu zote zinatoka humo. Kioo huyeyushwa kikiwa na thaliamu, ayoni nzito inayopandisha fahirisi, kisha huvutwa kuwa fimbo ndefu. Fimbo hutumbukizwa kwenye nitreti ya potasiamu iliyoyeyuka, kwenye joto la karibu nyuzi 500. Thaliamu inatoka, potasiamu inaingia kuchukua nafasi yake, kuanzia nje kwenda ndani. Ni jamaa wa mchakato unaokaza vioo vya simu, ambako potasiamu huingia badala ya sodiamu, ila kwenye simu kinachohitajika ni ngozi ya mikromita makumi tu, wakati hapa badiliko lazima lifike hadi kwenye moyo wa fimbo. Muda hukua kwa mraba wa kipenyo: fimbo nene mara mbili hudai muda mara nne. Kazi ya fimbo nyembamba ni ya siku. Ukipanda hadi sentimita moja hesabu inakuwa ya miezi, na kioo hakivumilii kukaa motoni kiasi hicho bila kulegea. Ndiyo maana hakuna lenzi ya kamera ya simu wala darubini ya mkono iliyotengenezwa hivi.

Fimbo ikitolewa mapema, moyo unabaki bapa: katikati hakuna mteremko, na miale ya karibu na mhimili inapita kama ndani ya dirisha la kawaida. Ikichelewa, thaliamu inazidi kutoka hata katikati, tofauti ya fahirisi inapungua, na pichi inarefuka. Chumvi iliyotumika mara nyingi imeshajaa thaliamu, hivyo ukingo wa fimbo za awamu ya mwisho haushuki inavyopaswa. Joto lisilo sawa kutoka juu hadi chini ya sufuria hufanya fimbo moja iwe na pichi mbili, moja kila ncha. Na kwa kuwa ayoni inayoingia hailingani kwa ukubwa na inayotoka, msongo hubaki ndani ya kioo. Fimbo ikipozwa haraka hupasuka, au hubaki nzima lakini ikaharibu polaraizesheni ya leza, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga wake.

Mtengenezaji makini hupima mteremko wa kila awamu, kisha hukata urefu kuufuata. Matokeo yake fimbo zenye namba ileile ya katalogi zinaweza kupishana urefu kidogo. Hiyo si kasoro. Ni dalili nzuri. Kinachotakiwa kukutia shaka ni fimbo za awamu tofauti zenye urefu uleule hadi mikromita ya mwisho, huku muuzaji akishindwa kukupa kipimo cha mteremko.

Namba ya pichi peke yake haina maana bila urefu wa wimbi, na kosa hili ndilo linalogharimu watu kuliko yote. Mteremko wa SLW ni mkali zaidi kwenye mwanga wa wimbi fupi. Kwa nanomita 630 robo pichi ni milimita 4.63, kwa nanomita 1550 za faiba ni milimita 4.82. Ukichukua fimbo ya 1550 ukaiwekea leza nyekundu, inageuka kuwa pichi 0.26, na fokasi inakuwa ndani ya kioo. Hapo hata usogeze faiba hadi iguse uso, miale haitakuwa sambamba. Fundi atahangaika saa nzima na skrubu za mikromita akitafuta nukta ambayo haipo hewani. Kabla ya kulipa, soma urefu wa wimbi kwanza, pichi baadaye.

Kati ya pichi 0.25 na 0.23, chagua 0.23, isipokuwa una sababu ya kubandika kitu moja kwa moja kwenye uso wa lenzi. Ya 0.25 haina nafasi ya kufanyia kazi: fokasi iko usoni, kila punje ya vumbi iliyotua pale inaonekana wazi, na leza kali inachoma uchafu huo palepale. Ya 0.23 kwa nanomita 1550 ina urefu wa milimita 4.43 na fokasi iliyo milimita 0.24 nje ya kioo. Pengo hilo dogo ndilo linalokuruhusu kurekebisha. Tena ndilo linaloruhusu ncha kukatwa mshazari wa nyuzi 8, ili mwangwi wa mwanga usirudi kwenye faiba na kuisumbua leza. Bila koti ya kuzuia mng'ao, kila uso hurudisha kama asilimia 5 ya mwanga. Kwa nyuso mbili umepoteza sehemu moja ya kumi kabla hujaanza kazi.

Kwa kutengeneza miale sambamba kutoka kwenye faiba, fimbo hii inapata alama za juu. Urefu wa fokasi ni karibu milimita 1.93 kwa nanomita 1550. Faiba ya kawaida ya modi moja, ambayo mwanga wake una upana wa mikromita 10.4, hutoa mshipa wa mwanga wa milimita 0.37 hivi, unaokwenda sentimita 6 hadi 7 kabla ya kuanza kutanuka kwa kuonekana. Inatosha kuweka kichujio au kioo kidogo kati ya faiba mbili. Ila kosa dogo la pembeni hulipiwa: faiba ikitoka kwenye mhimili kwa mikromita 1, mwali unainama nusu miliradiani, na kwenye faiba ya kupokea unapoteza desibeli 0.16. Ikitoka mikromita 3 hasara inapita desibeli 1.4. Lenzi ya mpira wa kioo ni rahisi kuipata na inafanya kazi hiyohiyo kwa namna fulani, lakini kasoro yake ya duara, yaani miale ya ukingoni kutokutana na ya katikati, ni kubwa, na haina ncha bapa ya kubandikia chochote. Kwa faiba, fimbo inashinda bila mjadala.

Kwa picha za rangi, tunaikataa. Ukilinganisha mwanga wa bluu wa nanomita 486 na mwekundu wa 656, urefu wa fokasi wa SLW unapishana kwa takriban asilimia 5. Kioo cha kawaida cha BK7 kinapishana kwa chini ya asilimia 2. Hata vioo vizito vya flinti, ambavyo wabunifu huvitumia kwa uangalifu kwa sababu ya kutawanya rangi, vina nafuu. Rudi kwenye lile dirisha la mwanzo uangalie kwa makini ukingo wa nondo: utaona mstari mwekundu upande mmoja na wa samawati upande wa pili. Kwa kamera ya leza, au ya mwanga wa rangi moja ya fluoresensi (mwanga ambao kitu hutoa chenyewe kikimulikwa), hilo halina neno. Kwa mwanga mweupe, hasa fimbo ikiwa ndefu yenye pichi kadhaa, kasoro inajirudia na kujumlishana kila nusu pichi.

Halafu kuna suala la ukingo. Hata mtengenezaji bora hawezi kupata mteremko unaokusanya miale yote mahali pamoja, na hapa si uzembe, ni hesabu. Miale inayokata mhimili inadai neno la kipeo cha nne kwenye hesabu ya mteremko liwe theluthi mbili. Ile inayozunguka kama parafujo bila kuugusa mhimili inadai liwe 1. Huwezi kuzitimizia zote mbili, kwa hiyo kila fimbo ni maafikiano. Ongeza na ukweli kwamba sehemu ya nje ndiyo iliyokaa na chumvi muda mrefu zaidi. Kanuni ya kazini ni kubaki ndani ya asilimia 70 ya kipenyo. Weka karatasi ya grafu mbele ya fimbo utazame: miraba ya katikati imenyooka, ya pembeni imetanuka au imeminywa. Mahali inapoanza kupinda ndipo lenzi yako inapoishia, hata kama kioo kinaendelea.

Kuifunga ni rahisi ukilinganisha na lenzi za kawaida, kwa kuwa ni silinda. Mfereji wa V au mrija wa kioo wenye tundu linalozidi milimita 1.8 kwa mikromita chache unatosha. Tatizo ni gundi. Tone likiwekwa karibu na ncha hufyonzwa na mwanya mwembamba, likaenea hadi usoni na kuziba pengo la milimita 0.24 ulilolilipia. Weka tone dogo katikati ya urefu wa fimbo, kisha ligandishe kwa mwanga wa UV kwa vipindi vifupi badala ya mara moja. Epoksi ikijikunja ghafla huivuta faiba mikromita mbili tatu, nawe umeshaona gharama yake. Kingo za ncha ni kali na hubanduka kirahisi, kwa hiyo tumia kibanio cha plastiki, si cha chuma. Usafi ni kwa karatasi ya lenzi na isopropili, kwa mpito mmoja wa kuelekea nje.

Wanaohitaji uwezo mkubwa zaidi wa kukusanya mwanga, mathalani kwa hadubini zinazotazama ndani ya ubongo wa panya, huelekea kwenye fimbo za fedha badala ya thaliamu. GRINTECH ya Jena, Ujerumani, imejijenga kwa njia hiyo: ayoni za fedha na sodiamu hubadilishana kwenye kioo maalumu, NA, yaani kipimo cha uwezo huo wa kukusanya mwanga, inafika karibu 0.5, na vipenyo vinashuka hadi nusu milimita au pungufu. Faida ya kwanza ni kuepuka thaliamu, ambayo ni sumu. Hatari yake ni rangi: fedha ikipata nafasi ya kuwa chuma ndani ya kioo, punje zake ndogo mno hukipa kioo umanjano unaokula mwanga wa bluu. Ndiyo maana haiwezekani kutumia kioo chochote tu. Muundo wake lazima usiiachie fedha mahali pa kujikusanya. Kwa fluoresensi ya kijani, hii ndiyo tungeichagua. Kwa endoskopu nyembamba za sindano pia inafaa, mradi fimbo ndefu ya kupitisha picha iwe ya mteremko laini na ile ya mbele pekee iwe ya mteremko mkali.

Matumizi makubwa ya fimbo hizi lakini hayako maabara. Yako kwenye kila duka la vifaa vya ofisi lenye skana bapa na nyembamba. Ule upau mweusi unaotembea chini ya kioo una safu mbili za fimbo za GRIN, mamia kwa mamia, kila moja yenye unene wa milimita moja au pungufu, zimelazwa kwenye silikoni nyeusi kati ya bamba mbili. Kila fimbo ina urefu unaozidi nusu pichi, hivyo picha inatoka wima na ya ukubwa uleule, na picha za majirani zinalaliana sawasawa kuwa mstari mmoja. Ni ubunifu mzuri sana: kamera nzima ya upana wa A4 ndani ya kina cha sentimita moja hivi. Bei yake ni kina cha fokasi kisichofika milimita moja. Kitabu kinene kikiinuka kidogo kwenye mkunjo, maandishi ya pale yanayeyuka, hata skana iwe mpya namna gani. Anayenakili vitabu vilivyofungwa atafute skana ya aina ya zamani yenye vioo na lenzi moja. Ni nene na nzito, lakini inavumilia. Na skana ikianza kutoa mstari uliofifia kutoka juu hadi chini ya ukurasa, kabla ya kulaumu sensa futa ule ukanda wa fimbo kwa kitambaa kikavu. Kemikali kali huilegeza silikoni.

Upande wa infraredi hali ni nyingine kabisa. Kioo cha silika kinameza mwanga wote wa mawimbi marefu, na kamera za joto hufanya kazi kati ya mikromita 3 na 5, au 8 na 12. Huko kinachopita ni vioo vya kalkojenidi, mchanganyiko wa aseniki, seleniamu, salfa na germaniamu, ambavyo vingi kwa jicho letu ni vyeusi kama lami. Sufuria ya chumvi haisaidii. Njia iliyofika mbali zaidi ni ile ya maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, NRL: karatasi nyembamba za vioo vyenye fahirisi tofauti hupangwa kama chapati, hubanwa zikiwa moto hadi zishikane, kisha huachwa kwenye joto ili mipaka isambae na kuwa mteremko. Baadaye bonge hilo hufinyangwa na kuchongwa kwa ncha ya almasi.

Ugumu uko kwenye kulinganisha tabia. Vioo vyote vya kwenye rundo lazima vilainike kwenye joto linalokaribiana na vitanuke kwa kiwango kinachokaribiana. Kimoja kikibaki kigumu wakati jirani yake anatiririka, matabaka yanapinda. Vikipoa kwa kasi tofauti, yanaachana. Oksidi kidogo juu ya karatasi moja huacha utando unaotawanya mwanga, na kiputo kimoja kwenye mshono hakiondoki tena. Ukizidisha moto, fuwele zinaota. Na kwa kuwa kioo hakioneki ndani, kasoro hizi hugunduliwa kwa kamera ya infraredi, mara nyingi baada ya gharama kubwa kuwa imeshaingia.

Inapofaulu, faida ni ya kweli: mteremko unaweza kusahihisha rangi ndani ya kipande kimoja, na mfumo wa lenzi nne au tano ukapungua, jambo zito kwa kamera ya droni. Ila ukitaka kununua leo, hakuna rafu ya kuichukua. Ni oda maalumu. Kwa kamera ya joto ya kawaida ushauri wetu ni lenzi ya kalkojenidi ya kufinyanga, ya fahirisi moja, yenye uso usio wa duara. As40Se60, kioo cha aseniki na seleniamu, ina fahirisi karibu 2.78 na hulainika karibu nyuzi 185, hivyo kufinyangwa kwake si kazi ngumu. Germaniamu yenye fahirisi ya 4 bado ni nzuri, lakini fokasi yake huhama sana joto likibadilika, huanza kuziba mwanga ikipata moto, na tangu Agosti 2023 China inadai kibali kwa germaniamu inayouzwa nje. Kwa yoyote kati ya hizo, koti si anasa: uso mtupu wa As40Se60 hurudisha asilimia 22 ya mwanga, wa germaniamu asilimia 36.

Atakayeagiza GRIN ya infraredi hata hivyo, adai ramani ya mteremko uliopimwa kwenye kipande chenyewe anachouziwa, si ule uliokusudiwa kwenye mchoro, pamoja na picha ya infraredi ya mishono na matokeo ya kupasha na kupoza. Na ncha ikibanduka, ya fimbo ya thaliamu au ya kipande cha aseniki, isipelekwe kwa fundi wa miwani akaisugue kavu. Vumbi lake ni sumu. Inarudishwa kiwandani, au inafungwa na kutupwa kama taka hatari.